Jinsi ya kutuma kazi kwenye jarida la fasihi na sanaa la chuo kikuu bila kuangukia mlangoni (mwongozo kamili)

Wakuu, meseji zimekuwa nyingi na zote zinafanana. "Kaka nimetuma mashairi Marekani toka mwezi wa sita mpaka leo kimya." "Kaka wamenijibu ndani ya siku mbili kwamba hawajaisoma, sasa wamekataaje kitu ambacho hawajasoma?" Wiki iliyopita dada mmoja akanitumia faili lake nilitazame, hadithi ya mke wa mvuvi kule Pangani, nzuri kabisa, ila nilipofungua ukurasa wa kwanza nikakuta picha yake ya pasipoti, wa pili cheti cha kidato cha nne, wa tatu na wa nne barua ya maombi kama ya kazi, na hadithi yenyewe inaanzia ukurasa wa tano. Pale ndo nikasema hapana, hili linataka mwongozo.

Nilipokuwa masomoni Marekani nilisoma foleni ya jarida la chuo kwa miaka miwili. Foleni maana yake kazi zote zinazotumwa na watu. Wanaozisoma kwanza mara nyingi ni wanafunzi wa kujitolea, mhariri mwenyewe anaona zile zilizopita tu. Usiku mmoja unafungua kazi 20 au 30, kahawa imepoa na kesho una kipindi asubuhi. Nilichokiona kule ni kwamba kazi nyingi za kutoka kwetu zinaangukia mlangoni hata kabla msomaji hajafika mstari wa tatu, na wala sio kwamba ni mbovu. Ya mlangoni yanatibika, na huu mwongozo ni wa hayo tu.

Historia ya majarida ya zamani ya vyuo vyetu, Penpoint ya Makerere na Darlite ya Dar, siigusi leo, twende kwenye kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usianze hatua yoyote kama hivi huna, maana utaishia katikati saa sita usiku bando limekata:

- Kazi iliyokwisha. Sio "nitaimalizia wakinikubali". Mashairi 3 hadi 5, au hadithi moja, au picha na michoro kadhaa.
- Faili la Word (.docx). PDF weka pembeni, wengine wanaitaka.
- Barua pepe yenye jina lako halisi. Ile ya mtoto_mzuri_wa_tanga uliyofungua ukiwa sekondari iache.
- Akaunti kwenye tovuti ya Submittable. Ni bure kufungua, na majarida mengi ya vyuo vya Marekani yanapokelea kazi huko.
- Wasifu wa maneno 50, umeandikwa kama mtu mwingine anakuelezea.
- Kadi ya kulipia mtandaoni. Kadi ya Visa unayoitengeneza kwenye M-Pesa inatosha, Tanzania ipo na Kenya ipo.
- Daftari au jedwali la Excel la kuandika umetuma nini, wapi, lini.
- Kama ni tafsiri ya kazi ya mtu, ruhusa yake kwa maandishi.

Hiyo ya mwisho watu wanaipuuza afu ndo inayowaumiza, tutairudia.

## Hatua ya 1: Hakikisha unagonga mlango sahihi

Kuna majarida ya chuo ya aina mbili na watu wanayachanganya kila siku. Kuna ya kitaaluma na kuna ya ubunifu.

Mulika na Kiswahili, yale yanayotoka TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni ya kitaaluma. Swahili Forum nalo hivyohivyo. Wanataka makala za uhakiki, isimu, utafiti. Ukiwapelekea shairi lako la mapenzi ni kama umepeleka samaki kwenye duka la vitabu, sio kwamba samaki ameoza, ni duka tu sio lenyewe.

Ya ubunifu, yale yanayochapa hadithi, mashairi, insha, tafsiri na sanaa, ni kama Transition, lililozaliwa Kampala 1961 na sasa liko Harvard, Prairie Schooner la Chuo Kikuu cha Nebraska pale Lincoln, The Massachusetts Review la Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst, na kwa tafsiri tupu kuna Exchanges la Chuo Kikuu cha Iowa. World Literature Today la Oklahoma linachapa ubunifu, tafsiri na makala kuhusu fasihi ya dunia nzima.

Afu kuna wanaoniuliza kuhusu ile tuzo ya Kiswahili inayohusiana na Chuo Kikuu cha Cornell. Ile ni tuzo ya miswada mizima ya vitabu, sio jarida. Usiwapelekee mashairi matatu.

Utajua umepita hatua hii kama unaweza kusema kwa sentensi moja jarida hili linachapa nini na kazi yako ina undugu gani na hiyo. Ukijibu "linachapa fasihi" rudi ukasome.

## Hatua ya 2: Soma toleo moja, kweli kweli

Najua, toleo la karatasi ni bei na posta ni bei zaidi. Lakini karibu yote yana kazi kadhaa za bure mtandaoni, na kama uko chuoni muulize mkutubi, maktaba nyingi za vyuo zina JSTOR, hazina ya majarida ya mtandaoni, na majarida kadhaa yamo humo.

Sababu ya kusoma sio heshima tu. Unataka kujua vitu vitatu: hadithi zao zina urefu gani, mashairi yao yana vina au hayana, na tafsiri wanaziwekaje, zikiwa pamoja na lugha ya asili au Kiingereza peke yake. Mimi nilikuwa napokea hadithi za maneno 12,000 kwenye jarida ambalo halijawahi kuchapa zaidi ya 6,000, na mwandishi angegundua hilo kwa dakika kumi tu za kusoma.

## Hatua ya 3: Dirisha, na balaa la saa

Kama dirisha la udahili, majarida nayo yana dirisha la kupokea. Mengi ya vyuo yanafuata kalenda ya masomo, yaani yanafungua Agosti au Septemba na kufunga kipindi cha baridi au cha kuchipua, na miezi ya kiangazi cha kule hakuna mtu. Ukituma kwa barua pepe dirisha likiwa limefungwa kazi yako haisomwi, haiwekwi kiporo, inafutwa.

Tarehe usizichukue kwangu wala kwenye grupu la WhatsApp, zinabadilika kila mwaka, ingia kwenye tovuti yao sehemu ya watumaji uone wewe mwenyewe.

Sasa saa. Hapa watu wetu wameumia sana. Wakisema mwisho ni saa 11:59 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, hiyo kwa saa zao ni dakika moja kabla ya saa sita usiku. Kwetu wakati huo ni asubuhi ya siku INAYOFUATA: saa 1 na dakika 59 asubuhi kipindi cha baridi, saa 12 na dakika 59 kipindi wameshasogeza saa zao mbele (kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba). Nebraska, Iowa na Oklahoma ongeza saa moja. Mtu anaona 11:59 anadhani ni saa tano na dakika 59 ya Kiswahili, sijui ya mchana au ya usiku, anachanganyikiwa, analala. Andika kwenye daftari kwa saa ya Afrika Mashariki na utoe siku mbili za ziada, umeme nao una mambo yake.

Onyo lingine: mengine yana kikomo cha idadi. Wakifikisha idadi yao ya mwezi fomu inajifunga hata kama tarehe bado. Kwa hiyo tuma wiki ya kwanza, usisubiri ya mwisho.

## Hatua ya 4: Faili

Hadithi na insha: herufi za Times New Roman saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba za kurasa, basi. Mashairi: nafasi moja, kila shairi ukurasa wake mpya hata kama lina mistari minne. Hamna maua pembeni, hamna picha ya machweo nyuma ya maandishi. Hamna herufi za rangi.

Kwanini wanang'ang'ania hivyo? Msomaji anasoma kwenye skrini masaa matatu mfululizo, macho yanauma. Faili la kawaida halionekani, anaona maneno tu, na ndo unachotaka.

Jina la faili liwe na jina la kazi. Nilikuwa nakuta "Document1", "Document1(2)", "FINAL mpya ya mwisho kabisa". Tuliwahi kupoteza moja hivyo, lilifunikwa na lingine lenye jina lilelile.

Kama wanasema wanasoma bila majina, basi jina lako lisionekane popote: sio juu ya ukurasa, sio kwenye jina la faili, na sio kwenye taarifa za ndani ya faili. Hiyo ya tatu wengi hawaijui. Word huwa inahifadhi jina la mwenye kompyuta humo ndani, ingia kwenye taarifa za faili, ikague, ifute. Kama ulichapa stesheneri kuna uwezekano faili lako linasema mwandishi ni mwenye stesheneri.

Kwa wanaochapa kwenye simu, na ni wengi na sio dhambi, zima kwanza ule usahihishaji wa kujiendesha wenyewe. Simu nyingi zimewekwa kwa Kiingereza, kila ukiandika "jiko" inakupa neno la utani la Kiingereza, na wewe huoni mpaka umeshatuma. Nimesoma shairi zima la jikoni lililogeuka vichekesho kwa staili hiyo. Ukimaliza, fungua faili kwenye kompyuta ya mtu yeyote uangalie, maana mistari ya shairi inakatika tofauti kabisa kwenye skrini kubwa.

Kipimo cha hatua hii ni rahisi. Mpe rafiki alifungue kwenye kompyuta yake, asome ukurasa wa kwanza, umuulize umeona nini. Akianza kukusimulia habari za maandishi yenyewe, mambo safi. Akisema "mbona herufi kubwa hivi", bado.

### Wa picha na michoro

Haya majarida ni ya sanaa pia, na foleni ya picha mara nyingi ni fupi kuliko ya mashairi, kwa hiyo wachoraji na wapiga picha msijifiche. Kosa ni moja tu na linajirudia: picha imepita WhatsApp. WhatsApp inaibana picha mpaka inabaki ngozi. Kwa kuchapa wanataka dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), maana yake picha ya upana wa sentimita 15 kwenye karatasi inahitaji karibu pikseli 1,800 kwa upana. Chukua faili la asili kutoka kwenye kamera au skana, lipeleke kwa Google Drive au waya. Kila picha iandikie jina, mwaka, na imetengenezwa kwa nini, rangi ya mafuta, wino, digito. Na kama kuna sura ya mtu inayotambulika, omba ruhusa yake mapema, sio siku jarida linaenda kiwandani unaanza kumtafuta mama muuza mchicha wa Kisutu.

## Hatua ya 5: Kiswahili chako kinaingiaje

Nitakaa hapa kidogo, hapa ndo penye utamu na ndo penye makaburi.

Majarida haya yanachapa Kiingereza. Una njia mbili: uandike kwa Kiingereza moja kwa moja, au uandike kwa Kiswahili na itafsiriwe, na wewe au mtu mwingine. Njia ya pili wengi wanaiogopa wakati inaweza kuwa ndo nguvu yako, maana wahariri wa tafsiri wanapokea Kifaransa na Kihispania kila siku, Kiswahili mara mojamoja.

Tatizo ni namna tunavyotafsiri mashairi. Chukua huu ubeti nusu niliouandika sasa hivi kwa ajili ya mfano:

Bahari imekasiri, mashua zimejilaza,
Jiko limekosa nari, watoto tunajikaza.

Mizani nane kwa nane, vina -ri na -za, umekaa vizuri mdomoni. Sasa mtu anautafsiri na anataka vina vibaki palepale. Neno la bahari kwa Kiingereza lina mlio mmoja na neno la mti, basi anaingiza mti. Ghafla mti umeota katikati ya shairi la wavuvi, mashua zimefungwa kwenye mti, jiko limesahaulika, watoto hawapo. Vina vimebaki ila njaa imetoka. Na ubeti wote ulikuwa wa njaa.

Fanya hivi. Andika kwanza tafsiri ya neno kwa neno, mbaya hivyohivyo. Afu jiulize mistari hii miwili inafanya kazi gani: bahari imekataa, kwa hiyo chakula hakuna, na watoto wanajifanya hawana njaa. Hicho kitendo cha kujikaza ndo roho ya ubeti, kitafutie maneno kwanza. Baada ya hapo tafuta kitu cha kushika nafasi ya mizani: mistari ya urefu sawa, au pumziko katikati ya mstari pale ambapo kwetu kuna mkato wa vipande viwili. Vina vikija vyenyewe karibu, visipokuja usivivute kwa kamba.

Chini ya tafsiri, au kwenye faili la pembeni kama wanavyoagiza, weka Kiswahili cha asili. Karibu kila jarida la tafsiri linaomba. Ongeza maelezo mafupi ya mtafsiri, nusu ukurasa, useme shairi lina mizani na vina gani na wewe umeamua kuacha nini na kushika nini. Usieleze maana ya shairi. Ukieleza maana msomaji anahisi shairi halijiwezi.

Maneno kama "khanga", "mandazi", "shemeji" yaache. Usiyafungulie mabano kila moja. Sentensi yenyewe ibebe: kama shemeji kaja na kakaa kwenye kiti cha marehemu kaka yake, msomaji wa Nebraska ataelewa uzito bila kamusi.

Google Translate na AI: majarida mengi sasa yanakataa wazi kazi iliyoandikwa au kutafsiriwa na mashine, na kwenye fomu kuna kisanduku unathibitisha. Usidanganye. Msomaji anayejua Kiswahili akiwepo, na vyuo vikubwa vingi vya Marekani vinafundisha Kiswahili, inaonekana mapema tu.

Ruhusa sasa. Kama shairi sio lako, mshairi yuko hai, pata ruhusa yake kwa maandishi, hata barua pepe ya mistari miwili inatosha. Amefariki, tafuta familia au mchapishaji. Mimi niliwahi kutafsiri mashairi sita ya mzee mmoja, nikakubaliwa, afu ndo nikaanza kumtafuta mwanawe. Miezi minne. Jarida likaenda kiwandani bila mimi.

## Hatua ya 6: Barua na wasifu

Barua ya kusindikiza iwe fupi kuliko unavyodhani. Hii hapa kwa Kiswahili, iweke kwa Kiingereza chako:

"Wahariri wa mashairi, natuma mashairi matatu, 'Nari', 'Mkeka' na 'Saa Kumi'. Ni tafsiri zangu mwenyewe kutoka Kiswahili, asili ziko mwishoni mwa faili. Nimeyatuma na kwingine pia na nitawajulisha mara moja yakichukuliwa. Asanteni kwa kusoma."

Imeisha. Hakuna "mimi ni mnyonge kutoka familia duni naomba mnifikirie", hiyo sio ombi la msaada. Hakuna shahada zako, hakuna historia ya nchi. Kama unajua jina la mhariri wa mashairi litumie, limeandikwa kwenye tovuti, ila hakikisha ni wa mwaka huu maana wanafunzi wanahitimu na wahariri wanabadilika.

Wasifu: jina, unaishi wapi, umechapwa wapi kama umechapwa, kitu kimoja cha kweli. "Anafundisha hisabati Muheza" ni bora mara kumi kuliko "mshairi mahiri mwenye kiu ya kuibadilisha dunia". Kama hujawahi kuchapwa popote, sema. Baadhi ya wahariri hilo linawafurahisha kabisa, wanapenda kuwa wa kwanza.

## Hatua ya 7: Kutuma, na pesa

Fungua fomu, chagua kipengele sahihi (shairi la tafsiri haliingii kwenye mashairi ya kawaida kama kuna kipengele cha tafsiri), pandisha faili, bandika barua, lipa kama kuna kulipa, bonyeza.

Ada ya kusoma ya kawaida ni kama dola 3. Shindano ni kitu kingine, huko ada mara nyingi inacheza dola 20 hadi 30 na unapewa usajili wa jarida. Mengine hayatozi kabisa, na kadhaa yana msamaha kwa walio nje au wasioweza, uliza kwa barua pepe kabla ya kutuma, mistari miwili tu, hawang'ati.

Onyo kubwa: ada ya kusoma sio ada ya kuchapwa. Mtu akikuandikia "hongera kazi yako imechaguliwa, lipa dola 150 ya uchapishaji" huyo sio jarida la fasihi, huyo ni mchuuzi, funga hiyo barua.

Na usitume ulichokwisha kukiposti. Majarida mengi yanahesabu blogu na ukurasa wa Facebook ulio wazi kuwa ni kuchapishwa tayari. Statasi iliyoonwa na watu wako 80 haina shida sana, ila ule wimbo wenye laiki elfu mbili usiupeleke ukasema ni mpya, watautafuta na watauona.

Ukifaulu, ndani ya dakika chache unapata barua pepe ya kuthibitisha. Isipokuja angalia folda la barua taka (spam). Isipokuwepo hata huko, hujatuma.

## Hatua ya 8: Kuandika kwenye jedwali, na kusubiri

Tarehe, jarida, majina ya kazi, umelipa ngapi, jibu. Safu tano. Bila hilo jedwali utakuja kutuma shairi moja kwa jarida moja mara mbili, imenitokea.

Kutuma kwa majarida kadhaa kwa pamoja ni ruksa mahali pengi ila sio pote, soma maelekezo yao. Kama ni ruksa, tuma kwa matano au sita halafu usahau. Miezi mitatu hadi sita ni kawaida, mwaka unatokea. Kule Submittable utaona neno limebadilika kutoka "imepokelewa" kuwa "inashughulikiwa", usianze kuita majirani, maana yake inaweza kuwa mtu kafungua tu au kaipangia msomaji. Ukizidi muda waliosema wao wenyewe, uliza mara moja kwa upole, na usiulize tena kabla ya mwezi.

## Hatua ya 9: Jibu limekuja

Hapana ya kawaida: imeandikwa kwa wote, haisemi kitu, usiitafutie maana. Hapana yenye "tungependa kuona kazi nyingine": hiyo ni ya kweli, hawaiandiki kwa adabu. Tuma nyingine dirisha lijalo na kwenye barua wakumbushe. Usijibu hapana kwa kubishana, nilisoma majibu mawili matatu ya hivyo na majina yao bado nayakumbuka.

Ndiyo: siku hiyohiyo, kabla hujaposti popote, ondoa kazi hiyo kila mahali ulipoituma. Kama ni shairi moja kati ya matano usiondoe kifurushi chote, waandikie ujumbe ndani ya mfumo kwamba hilo moja limechukuliwa.

Mkataba usome. Unachotaka kuona ni haki ya kuchapa mara ya kwanza, na haki kurudi kwako baada ya kuchapwa. Ukiona wanachukua haki zote milele, uliza, omba hicho kifungu kibadilishwe, wengi wanakubali.

Halafu inakuja prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa uzikague kabla ya kuchapwa, na hapa Mswahili una kazi ambayo hakuna mwingine anaweza kukufanyia. Mpangaji wa kurasa hajui Kiswahili. Angalia king'ong'o: "ng'oa" ikipoteza ile alama inakuwa "ngoa", umetoka kwenye kung'oa muhogo umeingia kwenye wivu. Angalia maneno yalivyokatwa mwisho wa mstari, kompyuta inakata kwa sheria za Kiingereza, inaandika "nyum-ba" badala ya "nyu-mba". Angalia jina lako. Angalia kama maneno ya Kiswahili yamelazwa (yale maandishi ya kuinama, italiki), na kama hutaki yalazwe sema sasa. Prufu wanakupa siku chache tu, usijibu "ipo poa" bila kusoma kwa sauti.

Malipo, kama yapo: wanaweza kukuletea fomu inayoitwa W-8BEN. Usiogope, inasema tu kwamba wewe sio raia wala mkazi wa Marekani kikodi. Unaijaza na kuirudisha kwao hao wanaokulipa, haiendi serikalini moja kwa moja. Pale wanapoomba namba ya mlipa kodi ya nchi yako weka TIN ya TRA, Kenya weka PIN ya KRA. Uliza mapema wanalipa kwa njia gani, maana hundi ya dola kutoka Marekani kuja kuiweka benki huku ni safari ya Kigoma kwa miguu, omba uhamisho wa benki.

Mwisho ni nakala zako, mara nyingi mbili. Kwenye anwani andika S.L.P., postikodi, mji, nchi, na namba ya simu, bila simu posta hawatakupigia. Za kwangu za kwanza zilikaa posta Tanga wiki saba kwa sababu niliandika jina la mtaa na "karibu na msikiti".